Piano inayumba, inaziba, inakwaruza: tatizo ni mashine au santuri?

Swali: Nimeanza kukusanya santuri za piano, za jazi na za muziki laini. Tatu zinanisumbua. *Waltz for Debby* ya Bill Evans, toleo la marudio, inayumba: noti ikivutwa inapanda na kushuka, na upande wa pili hali huwa mbaya zaidi kadiri sindano inavyokaribia mwisho. *Concert by the Sea* ya Erroll Garner, iliyoandikwa "Stereo" kwenye kava, inasikika kama imefunikwa blanketi. Ya Roger Williams inakwaruza kila anapopiga kwa nguvu, hata baada ya kuiosha mara mbili. Je, ninunue mashine mpya ya kuchezea santuri?

Jibu: Usinunue bado. Hizo ni kasoro tatu tofauti, na kila moja ina chanzo chake.

Tuanze na kuyumba, maana hapo ndipo wakusanyaji wa piano wanapopoteza fedha nyingi bila sababu. Nyundo ya piano ikishagonga nyuzi, mpigaji hana tena njia ya kuipandisha wala kuishusha noti ile. Inafifia palepale ilipo. Mpiga saksafoni au mwimbaji huitetemesha sauti kwa makusudi, kwa hiyo hitilafu ndogo ya santuri hujificha ndani ya mtetemo huo. Kwenye piano haina pa kujificha.

Santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Sikiliza noti ndefu na uhesabu. Ikipanda na kushuka mara moja kila sekunde 1.8, angalia mkono wa mashine kutoka mbele wakati santuri inacheza. Ukiona kichwa cha mkono kinakwenda kushoto na kulia kwa mwendo huohuo, tundu la katikati halikutobolewa mahali pake. Mashine haina kosa.

Kwa nini mwishoni ni mbaya zaidi? Kinachoharibu sauti ni uwiano kati ya kosa la tundu na umbali wa sindano kutoka katikati. Chukua kosa la milimita 0.5. Mwanzoni mwa upande, sindano ikiwa milimita 146 kutoka katikati, sauti hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.34. Mwishoni, milimita 60 kutoka katikati, inafika asilimia 0.83. Sikio lolote linalopenda piano litalisikia hilo. Na usishangae upande wa kwanza ukiwa mzima: kila upande una kigandamizo chake, yaani bamba la chuma linalouchapa kiwandani, na kimoja kinaweza kukaa sawa kingine kikaenda kombo.

Tiba ipo. Kwanza jaribu bila kukata chochote. Tundu la santuri huwa pana kidogo kuliko ncha ya kati ya mashine, kwa hiyo kuna nafasi ndogo ya kuisogeza. Weka alama kwa kipande cha karatasi ya gundi pembeni mwa lebo, pale mkono unapofika mbali zaidi na katikati, kisha isukume santuri kutoka alama kuelekea katikati, usikilize tena. Isipotosha, tumia faili ndogo ya mviringo: panua upande wa tundu *unaoelekea alama hiyo*. Ukipanua upande wa pili utaongeza kosa. Kiasi cha kupanua ni nusu ya upana wote ambao mkono unayumba. Mkono ukienda na kurudi milimita 1, kosa ni milimita 0.5. Fanya hivi kwa toleo la marudio tu. Nakala ya kwanza ya kampuni ya Riverside (namba RLP 399 kwa mono, yaani sauti ileile kwa spika zote, na 9399 kwa stirio, yaani kila spika na sauti yake) usiiguse kwa faili, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atalichunguza tundu kabla ya kitu kingine. Na kumbuka kurekebisha upande mmoja kunaweza kuuharibu mwingine.

Kama santuri zote zinayumba, au mwendo wake si wa sekunde 1.8, hapo ndipo utazame mkanda wa mashine, kapi (gurudumu dogo la mota linalozungusha mkanda) na mota yenyewe. Wasomaji wa Afrika Mashariki walionunua mashine ya zamani kutoka Marekani wana jambo la ziada la kuangalia. Umeme wa kule ni hezi 60, wa kwetu ni hezi 50. Transfoma hupunguza volti tu, haibadilishi hezi. Mota inayofuata hezi za umeme itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na piano itashuka zaidi ya nusu toni tatu. Inahitaji kapi ya hezi 50. Diski ya kupimia mwendo, ambayo mistari yake huonekana imesimama kasi ikiwa sahihi, nayo iwe ya hezi 50, yenye mistari 180 kwa 33⅓. Ile ya Marekani ina 216. Imulike kwa taa ya neoni, kwa kuwa taa nyingi za LED hazimetimeti inavyotakiwa.

Vilevile zipo santuri ambazo kasi yake ilikosewa tangu studio. Upande wa kwanza wa *Kind of Blue* ya Miles Davis, ambamo Evans na Wynton Kelly wanapiga piano, ulirekodiwa Machi 1959 kwa mashine ya kurekodia iliyokwenda polepole, kwa hiyo matoleo ya zamani yanacheza juu kidogo ya toni halisi. Marekebisho yalikuja kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Nakala ya namna hiyo ni nzima, usiirudishe dukani. Na hizo sauti za glasi na watu wakizungumza ndani ya *Waltz for Debby* ni za ukumbi wa Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961. Hazitoki kwa sabuni.

Sasa Garner. *Concert by the Sea* ni tamasha la Carmel, California, lililorekodiwa tarehe 19 Septemba 1955 kwa mono. Nakala yoyote ya santuri ile inayodai stirio imetengenezwa baadaye kwa kuigawa sauti moja: masafa ya juu yanasukumwa upande huu, ya chini upande ule, wakati mwingine na mwangwi juu yake. Mkono wa kushoto wa Garner, ambao ndio uti wa mgongo wa upigaji wake, unatenganishwa na wa kulia kana kwamba ni watu wawili. Hakuna kuosha wala sindano itakayorudisha kilichoharibiwa. Kubonyeza swichi ya mono husaidia mara nyingine, lakini penye mwangwi kunaweza kuongeza uzito wa blanketi. Jaribu pia kupeleka chaneli moja tu kwenye spika zote mbili, uchague iliyo safi. Dawa ya kweli ni kutafuta mono ya kampuni ya Columbia, namba CL 883, yenye lebo ya macho sita (alama sita zenye umbo la jicho) iliyotumika hadi mwaka 1962. Iliuzwa kwa wingi sana, hivyo si adimu. Usitarajie maajabu, maana hata kinasa chenyewe kilikuwa cha kawaida na piano haikuwa imepatanishwa vizuri. Upigaji unavuka yote hayo.

Ya Williams inaelekea imelika. Vumbi hutoa milio ya *tik, tik* isiyofuata muziki, na kuosha huipunguza. Mfuo uliolika, yaani mstari ambamo sindano hupita, hukwaruza pale tu sauti inapokuwa kubwa, na maji hayabadilishi kitu. Santuri za muziki laini za miaka ya 1950 na 1960 zilichezwa sana kwenye makabati ya sebuleni, zikirundikwa juu ya nyingine, chini ya sindano nzito ya gramu 5 au zaidi. Katriji nyingi za leo, yaani kifaa kidogo kinachobeba sindano, hutaka gramu 1.5 hadi 2.

Kabla ya kuihukumu, cheza wimbo wa mwisho wa santuri nyingine iliyo safi. Nayo ikikwaruza, kagua sindano (wengi huibadilisha baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza) na upange katriji upya kwa kipimo chenye nukta mbili, milimita 66 na 121 kutoka katikati. Mwisho wa upande mfuo hupita chini ya sindano kwa mita 0.21 kwa sekunde badala ya 0.51 za mwanzoni, kwa hiyo kosa dogo la mpangilio hujitokeza hapo. Ikiwa santuri safi inacheza vizuri, ya Williams ndiyo iliyochakaa. Kama ni ya mono, sindano ya duara ya mikroni 25 itagusa ukuta wa mfuo juu zaidi kuliko ile ya 18 na inaweza kukuta sehemu ambayo haijalika. Kama ni ya stirio, hifadhi kava na utafute nakala nyingine. Ukiwa dukani, tazama lebo kuzunguka tundu: mistari mingi ya kijivu iliyokwaruzwa na ncha ya mashine inaonyesha santuri iliyochezwa mno, hata kama uso wake unang'aa.