Kwa mnaoanza kuwahoji manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu kutoka Afrika Magharibi

Kila kundi jipya la maofisa linaleta ripoti zenye mstari uleule: "Chanzo: umaskini." Wadogo zangu, maskini wako kila kijiji, ila wasafirishaji hawavuni kila kijiji. Tuandikieni binti alimwamini nani, na kwa sababu gani.

1. Kiapo. Hapa ndipo mnapoharibu kesi. Binti wa Jimbo la Edo, Nigeria, anataja kwamba aliapishwa, na ofisa anamkatiza: huo ushirikina tu, tuendelee. Hapo hapo ananyamaza, na hatasema tena. Kabla ya safari ya Ulaya alipelekwa mzimuni, wakachukua nywele, kucha, nguo ya ndani, pengine na damu, vikabaki huko. Akaapa kulipa deni, kutotoroka na kutomtaja madam, yaani mwanamke anayemsafirisha na kumdai. Deni lenyewe huwa kati ya euro 20,000 na 50,000, na wengi huapa bila kujua euro moja ni naira ngapi. Akivunja, anaamini atapata wazimu, au mama yake atakufa. Kwao mizimu hiyohiyo huamua kesi za madeni na wizi, kwa hiyo ukiicheka umeicheka mahakama anayoiogopa kuliko yako. Akiugua akiwa nyumba salama, au hedhi ikikatika kwa msongo, atajua kiapo kimemfikia. Mpelekeni kwa daktari mapema. Muulize taratibu: nani alikuwepo, kilichukuliwa nini, aliahidi nini, nani anawapigia simu wazazi wake sasa. Majibu hayo ni ushahidi wa kushurutishwa. Ukishamsikiliza, mweleze kwamba Machi 9, 2018 Oba Ewuare II, mfalme wa jadi wa Benin iliyo Jimbo la Edo (si Jamhuri ya Benin), aliwakusanya waganga, akavifuta viapo hivyo na kuwalaani wanaoviendeleza. Kuna waliopumua kwa habari hiyo. Wanaomtishia mama yake bado wapo, na mpango wa usalama lazima uwaguse.

2. Mtoto kulelewa kwa ndugu. Katika Jamhuri ya Benin anaitwa vidomègon, na desturi yenyewe haina kosa. Ili kujua kama anatumikishwa, uliza anaamka saa ngapi, anasoma wapi, pesa ya biashara anampa nani, lini aliongea na mama yake. Kwa talibe, mwanafunzi wa Kurani wa Senegal, baba alimpeleka daara, yaani madrasa anakoishi, kwa heshima ya Kurani, usiguse dini. Uliza kiwango cha pesa anachotakiwa kurudi nacho jioni, na akipungukiwa anafanywa nini. Kumwombesha mtu ili ufaidike ni kosa huko tangu sheria ya 2005.

3. Msimuulize mtoto kama alikubali. Itifaki ya Palermo ya 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji wa watu, haihesabu ridhaa yake. Mtu mzima muulizeni alikubali kazi gani, maana wengi waliahidiwa saluni au kulea watoto. Na aliyeahidi mara nyingi ni shangazi au jirani, pengine naye aliwahi kusafirishwa, akamaliza deni, akaanza kuchukua wengine. Mtaani Benin City, mji mkuu wa Edo, anaheshimiwa kwa nyumba aliyomjengea mama yake kwa pesa za Italia, na wazazi wanaiona kila siku wakipita. Muulizeni binti nyumba hiyo ni ya nani. Mara nyingi jina la kwanza la kesi linatokea hapo.