Je, jina la mateka linaweza kununuliwa liingie kwenye orodha ya kubadilishana wafungwa?

SWALI: Mimi ni mkimbizi kutoka Goma, naishi kambi ya Nakivale, Uganda. Mume wangu ni askari wa FARDC, jeshi la serikali ya Kongo. Tangu mji ulipoanguka Januari 2025 sijamsikia, ila mwenzake aliyetoroka alimwona mikononi mwa waasi wa M23. Sasa kuna bwana anasema ana mtu wake Doha, Qatar: nikitoa shilingi 800,000, jina litaingia kwenye orodha. Amenitumia sauti ya mwanaume analia, eti ndiye yeye. Sheria inaruhusu?

JIBU: Mama, usitume. Kama umeshatoa nusu, usimalizie. Wewe ni wa nne mwezi huu kuniletea habari ya orodha inayouzwa, na wote mmeambiwa lilelile: kuna mtu Doha.

Doha kuna jambo kweli. Tarehe 14 Septemba 2025 serikali ya Kongo na M23 walitia saini huko utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ikiwa katikati. Tapeli huchukua habari iliyosikika redioni akaipachika bei.

Kinachoniuma zaidi ni imani kwamba Msalaba Mwekundu ndio unaochagua nani atoke. Hauchagui. Majina hutolewa na pande zinazopigana, kila upande ukipiga hesabu zake. ICRC huthibitisha kwamba mtu ndiye, huzungumza naye faraghani kujua kama kweli anataka kupelekwa huko, kisha humsafirisha. Hakuna hatua ambayo familia hulipa.

Sasa hiyo sauti. Gilad Shalit, askari wa Israel, alitekwa na wapiganaji wa Hamas na wenzao mpakani mwa Gaza Juni 2006. ICRC iliomba kumwona, ikakataliwa. Mwaka 2009 Israel iliwaachilia wanawake 20 wa Kipalestina ili ipewe video fupi tu ya kuonyesha kwamba yu hai. Wazazi wake walipiga hema mbele ya nyumba ya waziri mkuu Jerusalem, na bado alitoka Oktoba 2011, kwa wafungwa 1,027. Dola nzima ilitoa watu 20 kwa video moja. Huyo bwana ameipata wapi sauti ya mateka, akakurushia kwenye simu?

Kuhusu sheria: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka wafungwa wa vita waachiliwe mapigano yakikoma, lakini ni kwa vita vya dola na dola. Kwa vita vya serikali na kundi lenye silaha, kifungu cha 3 kinakataza kumtesa au kumuua aliyeshikwa, hakilazimishi aachiliwe. Ndiyo maana ya makubaliano kama hayo ya Doha.

Nenda kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda, uulize huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Ni bure. Wakimfikia, anaweza kukuandikia ujumbe wa habari za familia kwa mkono wake.

Na ninyi wengine mnaosoma, pesa si hasara kubwa kuliko zote. Madalali hawa huomba picha ya askari akiwa na sare, namba yake ya jeshi, cheo, kikosi. Wapo wanaoficha vyeo vyao wakikamatwa, wasije wakateswa watoe siri. Picha hiyo ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi ikawafikia wanaomshikilia, kinga yake imekwisha. Mama, kama umeshampa picha, mwambie afisa wa Msalaba Mwekundu siku hiyohiyo utakapokwenda.