Barua kwa mwanangu: kitabu kilichotupwa ukutani

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na maneno yako nimeyasoma mara mbili. Wasema ulikuwa unamsomea mjukuu wangu kitabu cha Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry, ukisoma Kiingereza na kumfasiria. Mlipofika pale mtoto anapochapwa na mwalimu, akakunyang'anya kitabu akakirusha ukutani mpaka jalada likabanduka, akapiga kelele kwamba mwalimu yule naye achapwe mpaka alie. Ukamwambia "ni hadithi tu," ukamlaza saa moja na nusu, kitabu ukakifungia kabatini. Sasa wauliza kama mtoto ana hasira za kupita kiasi, na kama uache kumsomea vitabu vya namna hii.

Hasira zake hazijapita kiasi, na kusoma usiache. Ila kitabu kitoe kabatini leo.

Hebu tazama lililotokea. Mle kitabuni mtoto wa miaka sita anatupa kitabu kwa sababu ameona dharau, na anaadhibiwa kwa kutupa, hakuna aliyemwuliza ameona nini. Nyumbani kwako mtoto wa miaka tisa ametupa kitabu kwa sababu ameona dhuluma, naye akaadhibiwa kwa kutupa. Hilo yeye ameliona kabla yako. Kwa hiyo kabla ya kusoma ukurasa mwingine, mwambie hivi tu: "Juzi nilikulaza kabla hujaniambia kilichokukera. Nilikosea. Leo nataka kusikia." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe..." kwani hiyo "lakini" ndiyo atakayoikumbuka, na msamaha wote utakuwa umemwagika. Habari ya jalada ina wakati wake, nitaifikia.

Na "ni hadithi tu" usiirudie. Mtoto wa miaka tisa anajua fika kwamba ni hadithi. Ukimwambia hivyo anaelewa kwamba kilichomuumiza wewe hukioni.

Jambo jingine la kuangalia mapema: hasira ya kitabuni mara nyingine chanzo chake kiko darasani kwa mtoto mwenyewe. Usimwulize "wewe huchapwa?" kwa sababu atasema hapana ili kumlinda mwalimu, au kujilinda mwenyewe. Mwulize mkiwa njiani, hamtazamani: "Kwenu darasani mtu akikosea huwa inakuwaje?" Kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kumuumiza mwanafunzi mwili na hata ya kumtesa nafsi. Ukisikia jambo, hilo ni la kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, halimalizwi na kitabu. Ukiwa husikii kitu, basi hasira ni ya hadithi yenyewe, nayo ina dawa ya kusoma vizuri zaidi.

Kusoma vizuri maana yake ujue wewe kwanza kilichomo. Ni Mississippi, mwaka 1933. Watoto weusi na weupe shule zao mbalimbali, na si kwa desturi peke yake: Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu utengano mwaka 1896, haikuukataza mashuleni mpaka 1954. Cassie ana miaka tisa, rika la mwanao. Mdogo wake, Little Man, ana sita, msafi wa kupindukia, nguo haitaki hata chembe ya vumbi. Asubuhi ile basi la watoto weupe limewapita likamtimulia Little Man vumbi jekundu mwili mzima, nao wanakwenda kwa miguu kwa kuwa shule yao haina basi. Wanafika darasani, wanaambiwa mwaka huu kila mmoja atapata kitabu. Furaha. Kumbe vitabu ni vichafu, vimechakaa. Little Man anaomba kwa adabu abadilishiwe kilicho safi kidogo, anakatazwa. Anakubali. Anafungua jalada, anasoma kilichoandikwa ndani, ndipo anakitupa chini na kukikanyaga.

Hapo ndipo ulipopita mbio. Wengi hupita mbio hapo, kwa sababu fimbo inakuja na msomaji anataka imalizike. Mtoto akabaki na picha moja tu ya fimbo, na hasira yake yote ikaenda kwa aliyeishika. Rudi nyuma, usimame kabla ya fimbo, umwoneshe kile alichokiona Little Man.

Chukua karatasi na rula. Mwache achore mwenyewe jedwali la safu nne: namba, tarehe kitabu kilipotolewa, hali ya kitabu, na rangi ya mwanafunzi. Mistari ishirini. Mstari wa 1, Septemba 1922, kipya, mweupe. Wa 2, 1923, kizuri sana, mweupe. Aendelee kuandika mwaka mmoja mmoja, hali ikishuka polepole, kizuri, cha wastani, kibovu, na neno "mweupe" likirudi mara kumi na moja mpaka 1932. Usimsaidie, mkono uchoke. Mstari wa 12, Septemba 1933: kibovu sana. Na kwenye safu ya rangi, neno la kuwadharau watu weusi. Kisha mistari minane mitupu mpaka wa 20. Mwulize: hii minane imewekwa ya nani? Usimjibu. Cassie anaijua, na mwanao ataijua.

Neno lile la mstari wa 12 lina mtego kwako wewe unayefasiri. Ukisema "mtu mweusi," mtoto hashtuki, kwa sababu kwetu hilo ni neno la kawaida, halina tusi. Atadhani Little Man amekasirika kwa kuitwa mweusi, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kutofasiri kabisa. Wala usitafute tusi la Kiswahili la kuliziba, utamfundisha tusi. Liache kama lilivyo, useme mara moja: hili ni jina walilopewa na waliowadharau, lilitamkwa ili mtu ajione si kitu. Kisha kila likitokea tena sema "lile neno." Ataelewa, na pia atajifunza kwamba kuna maneno yasiyochezewa.

Sasa mwalimu, Miss Crocker. Nakuambia kwa uhakika mwanao anadhani ni mzungu. Watoto wengi hudhani hivyo, maana kitabu hakipigi ngoma kutangaza. Ni mweusi kama wao. Cassie anamwonesha jedwali, analisoma, na anachowajibu ni kwamba ndivyo walivyo, wakae. Mwambie mtoto hilo waziwazi, uone uso wake. Hasira haitapungua, ila itaanza kutafuta mahali pake: huyu mwanamke amelizoea jedwali kiasi cha kutoliona. Nani aliliandika? Nani alitoa vitabu vibovu akajiona ametoa sadaka? Hao hawamo darasani kabisa, hawakushika fimbo, na hakuna wa kumrushia kitabu.

Kwa kazi hii mimi hupendelea maswali mawili tu: nani alijua nini, na alipojua alifanya nini. Miss Crocker hakujua Little Man anaweza kusoma. Cassie alijua na akasema. Naye alipokataa kitabu chake, akachapwa pia. Lile swali la "wewe ungefanyaje?" liache kwa siku nyingi. Ukimwuliza mapema atajibu kishujaa, ataua watu wote wa Mississippi kwa upanga, na mazungumzo yamekwisha.

Atakapotaka kisasi, usimkemee. Endelea kusoma tu, maana kisasi kinakuja. Watoto wale wanachimba shimo njiani siku ya mvua, basi linakwama na kuharibika. Mwanao atashangilia, mwache ashangilie, ni haki yake. Lakini usifunge kitabu hapo kwenye kicheko. Endelea mpaka usiku, watoto wanaposikia kwamba wanaume wapandao magari usiku, wazungu wanaowavamia watu weusi, wametoka, wakadhani wanatafutwa wao kwa sababu ya basi. Mwandishi ameuweka woga ule baada ya kicheko kwa makusudi. Ukikata katikati umemharibia hesabu yake.

Kabla ya hapo kuna kitu kingine ambacho ningependa mkae nacho sana. Mama yao ni mwalimu shule hiyohiyo. Miss Crocker anampelekea mashtaka. Mama hapigi kelele. Anakata karatasi nzito ya kaki, anapaka gundi, anafunika jedwali katika kitabu cha Little Man na cha Cassie. Halafu anavitazama na vitabu vya darasa lake. Ni jambo dogo, na baadaye linamgharimu kazi, pamoja na kufundisha ukweli kuhusu utumwa ambao haumo kitabuni. Usimfiche mtoto gharama hiyo mkifika.

Saa ya kusoma ibadilishe. Sura za namna hii si za kulalia. Msomee baada ya Alasiri, kurasa tano au sita, na ubakize nusu saa ya kula mabuyu na kuuliza. Usiigize sauti ya mwalimu kwa ukali mno. Ukiiigiza sana, mtoto anakuogopa wewe.

Na jiandae, maana safari hii itarudi nyumbani. Siku moja atakuuliza kwa nini sisi watu wa pwani tuna majina yetu ya kuwaitia watu wa bara, au kwa nini mtu fulani mtaani husemwa kwa asili ya babu zake waliokuwa watumwa. Usiruke. Hilo ndilo jedwali letu, nasi hatukuliandika karatasini. Mkimaliza kitabu, mpe Fumo Liyongo, ule utenzi alioandika Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913. Liyongo amefungwa Pate kwa husuda ya mfalme. Chakula kizuri anacholetewa walinzi hukila wao, basi anamtuma mjakazi Saada kwa mama yake afanye mkate wa wishwa, makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi hawautaki mkate wa wishwa. Watoto hukipenda kisa hiki kwa sababu dharau ya mlinzi ndiyo inayofungua pingu.

Sasa jalada. Hiyo ndiyo kazi yake ya kulipa, na ifanyeni pamoja, mikono ikiwa na shughuli mdomo hufunguka. Kata karatasi ya kaki, upana sentimita 4, urefu upungue kidogo kuliko mgongo wa kitabu. Ikunje katikati kwa urefu, uipige kucha mstari ukae. Gundi nyeupe ya mbao, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji. Ikizidi maji karatasi hukunjamana, ikiwa nzito mno jalada halifunguki vizuri. Usitumie uji wa ngano, mende wataula pamoja na kitabu. Apake nusu moja ya karatasi, aibandike upande wa ndani wa jalada, kunjo likae sawasawa pale palipobanduka. Kisha nusu ya pili kwenye ukurasa wa kwanza. Atie kipande cha nailoni kati ya jalada na kurasa kabla ya kufunga, la sivyo utakuta kitabu kimekuwa tofali. Juu wekeni kibao cha chapati na pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Kiangazi siku moja yatosha, lakini kwa unyevu wa masika ya Malindi pawe na siku mbili, na asichungulie, najua atachungulia.

Mkija kwa Maulidi mje nacho, na lile jedwali lake pia. Nataka nione mwandiko wake ulipofika mstari wa kumi na moja.

Mamako