Maswali yenu: simu ina GPS, mzee ana mlima, bwawani tumfuate nani?

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Pasua hapa Moshi, nauza samaki Mbuyuni, mwaka huu tumechanga na bamdogo tukanunua mtumbwi wenye mashine, tunaufanyia kazi bwawa la Nyumba ya Mungu. Ugomvi wetu ni mmoja tu, mi nataka tutumie GPS ya simu hasa jioni na alfajiri, yeye anasema ana Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, na ana milima ya Upare hana haja ya kukodolea kioo. Juzi tunarudi simu ikanionyesha tuko nchi kavu kabisa na huku tuko katikati ya maji, bamdogo alicheka mpaka akaacha usukani. Nani yuko sahihi hapa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie usukani hauachwi hata kama kichekesho ni kikubwa namna gani. Alafu mwambie aliyempasa kumcheka ni mchora ramani, GPS ilikuwa sawa. Simu kazi yake ni kusikiliza setilaiti zilizo juu huko kilomita kama 20,200, ikizidaka angalau 4 inapiga hesabu uko wapi, na mahali peupe kama bwawani pasipo na miti wala majengo huwa inakosea mita chache tu. Ile rangi ya bluu iliyo chini ya kidoti chako ni habari nyingine, hiyo kaichora mtu, na Nyumba ya Mungu ni bwawa la kuzibwa, lilijengwa miaka ya 60 kwenye mto Pangani, maji yanaletwa na Kikuletwa na Ruvu, kwahiyo mvua zikikubali linapanda na kufunika ukingo, kiangazi kikibana linarudi nyuma mbali tu. Ukingo ulioko kwenye simu ni ukingo wa siku moja ambayo we hukuwepo.

Nyie mlicheka kwa sababu ramani ilisema kavu mkakuta maji. Kinachotisha ni ile ya kinyume chake, ramani inasema bluu, wewe umeachia mashine kasi yote, kumbe chini kuna kisiki au tope. GPS haijui kina cha maji kabisa, haijui visiki viko wapi, haijui leo upepo umeamkia upande gani. Hayo anayajua bamdogo.

Ila na yeye nina neno naye. Ukiwa bwawani Kibo iko karibu kaskazini moja kwa moja, Mawenzi kulia kwake, Upare mashariki, hiyo dira haiishi chaji na nakubali. Lakini mlima uko kilomita kama 70 kutoka hapo, kwahiyo unakupa upande tu, haukuambii uko sehemu gani ya bwawa, maana ukisogea kilomita nzima kulia au kushoto unauona vilevile tu. Na wote tunaokaa huku tunajua tabia yake, asubuhi uko wazi, ikifika saa nne saa tano umeshajifunika, na siku nyingine hautoki kabisa.

Kama ni mvuvi wa zamani nina uhakika ana kitu kizuri zaidi ya mlima ila haoni kama ni elimu ya kumwambia mtu. Muulize anajuaje pa kutega nyavu. Atakwambia pale ambapo mti fulani unakaa sawasawa na kona ya kilima cha nyuma, na ukigeuka upande wa pili mnara wa simu unagusa bati la nyumba fulani. Hiyo ndo yenyewe! Vitu viwili vya nchi kavu, kimoja mbele kimoja nyuma, vikipangana ujue uko kwenye mstari mmoja, ukipata jozi nyingine upande mwingine mistari inakatana na hapo ndo ulipo, hakuna ubishi. Tena upepo ukianza kuwasukuma pembeni mnaona saa hiyohiyo, kitu cha mbele kinaachana na cha nyuma. Simu wakati huo itakuchanganya, maana mtumbwi ukisimama mishale mingi ya ramani inazungukazunguka hovyo, GPS inajua unaelekea wapi pale tu unapotembea, na mkisukumwa na upepo inaonyesha mnakosukumwa hata kama omo, yaani mbele ya mtumbwi, imeangalia kwingine.

Sasa fanya hivi. Chagua siku mbili tatu za shwari, mwende mchana polepole, yeye ndo aongoze we ushike simu tu. Kila akisema hapa kuna kisiki, bonyeza pini. Kila mkipita njia yake anayoiamini, washa kurekodi treki, yaani ule mstari wa mlikopita. Ikifika alfajiri yenye ukungu utakuwa unafuata njia ya bamdogo mwenyewe, sio mstari ulionyooka uliochorwa na apu kupitia juu ya visiki. Maji yakishuka sana mrudie zoezi, maana visiki vipya vinajitokeza.

Na mkitumiana namba za mahali angalieni mnaziandikaje, wengi wanaingia hapa. Digrii 3 na dakika 45 ni 3.75, haiwi 3.45. Ukiandika 3.45 umejisogeza zaidi ya kilomita 30 kuelekea kaskazini, utaenda kuvua upande wa miwa ya TPC, kile kiwanda cha sukari. Ukisahau alama ya kutoa mbele yake, au herufi S, apu inakuhamishia kaskazini mwa Kenya.

SWALI: GPS inakula bando?

JIBU: Hapana, simu inasikiliza tu. Kinachokula bando ni ramani, kwahiyo ipakue ukiwa nyumbani. Bila data inaweza kuchelewa kidogo kudaka mara ya kwanza, iwashe kabla hujaondoka. Inachokula kweli ni chaji, beba pawa benki na ufunge vyote kwenye mfuko usioingiza maji. Laifu jaketi siisemi, unaijua.

SWALI: Mimi ni wa Himo. Video nyingi zinafundisha kutafuta nyota ya kaskazini usiku, mbona siioni?

JIBU: Na hutaiona ndugu yangu, sisi tuko kusini ya ikweta na ile iko chini ya upeo wa macho. Tumia zile nyota tatu zilizojipanga mstari, zinachomoza karibu mashariki kabisa na kuzama karibu magharibi kabisa.

SWALI: Habari kaka, mi ni dereva wa utalii Arusha, huwa nashusha wageni Pangani waende kisiwa cha Maziwe. Nahodha kila siku anabadilisha saa ya kuondoka na wageni wananung'unika, wakati kwenye simu naona ni karibu na njia imenyooka. Anatuzungusha?

JIBU: Hawazungushi kaka. Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga, miti ilishaisha, na maji yakijaa linafunikwa, sasa mkifika saa ya maji kujaa wageni watashuka wapi? Kwenye ramani kisiwa kipo muda wote. Halafu saa za maji zinasogea kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, kwahiyo mahali mlipopita asubuhi kwa raha jioni ni mwamba mtupu. Mdomo wa mto Pangani nao una mchanga. Ule mstari wa simu unapita juu ya vyote hivyo na hauna habari, na ile dakika ngapi ya kufika inahesabu mwendo wa sasa hivi tu, upepo wa kusi ukikaza inabadilika.

Cha kufanya, mpigie nahodha siku moja kabla umuulize maji yanapwa saa ngapi, ndo upange saa ya kutoka Arusha na hoteli ya kulala. Na muulize pia kama ana GPS chomboni, anapaswa kuwa nayo, kwa siku ambayo mvua inafunga pwani haionekani. Akikwambia hana, tafuta mwingine.