Natumia spironolaktoni: niendelee kunywa madafu?

SWALI: Dokta, nina miaka 61. Natumia enalapril ya presha, na majuzi nimeongezewa spironolaktoni kwa sababu miguu inavimba. Mjukuu wangu anayesomea uuguzi anasema zipo dawa zinazoziba njia za potasiamu kwenye figo ili chumvi itoke na mkojo. Ndiyo hii? Nimezoea kunywa madafu mawili kila siku kurudisha potasiamu, na jirani ameniletea unga wa kusafisha figo. Niendelee?

JIBU: Shikamoo mama. Madafu acha leo, unga acha leo hii hii, na kesho asubuhi kapimwe damu: potasiamu, na kreatinini inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Sasa tuzungumze.

Mjukuu hajatunga, ila amechanganya dawa. Kwenye mirija ya figo kuna mahali, ule upande unaopanda wa kitanzi cha Henle, panaporudisha mwilini kama robo ya chumvi yote iliyochujwa. Si kidogo hiyo: figo huchuja lita 180 hivi kwa siku, na chumvi iliyomo inakaribia kilo moja na nusu. Kibebeo cha pale, yaani protini inayoivusha chumvi hiyo kuingia kwenye seli, hakiondoki na sodiamu peke yake. Kila safari ni sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Akikosekana abiria mmoja, gari haliondoki. Na ndani ya mrija sodiamu imejaa tele, potasiamu ni ya kuhesabu. Ingekwisha upesi, isipokuwa seli ina mlango uitwao ROMK, unaoitoa tena potasiamu iliyokwisha kuingia ili irudi kupanda safari nyingine. Ukiuziba mlango huo, chumvi inakwenda na mkojo ingawa hakuna aliyekigusa kibebeo chenyewe. Wapo watoto wanaozaliwa na mlango huo mbovu, aina ya pili ya ugonjwa wa Bartter, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996. Wanakojoa chumvi na maji tangu wakiwa tumboni, na wengi huzaliwa njiti. Dawa za kuuziba kwa makusudi zimefanyiwa majaribio, lakini si hizo unazoandikiwa kliniki.

Spironolaktoni inafanya kazi mbele zaidi, karibu na mwisho wa mrija, kwa kuipinga aldosteroni, homoni inayoiamuru figo irudishe sodiamu mwilini. Huko sodiamu inapoingia kwenye seli, huacha nyuma yake mvuto wa umeme unaoitoa potasiamu kwenda kwenye mkojo, na hutokea mlango huohuo wa ROMK. Sodiamu ikizuiwa kuingia, mvuto unapungua na potasiamu inabaki mwilini. Kwa hiyo mama, huna potasiamu ya kurudisha. Haijatoka. Na enalapril, kwa kuishusha aldosteroni, inaibakiza vilevile. Una dawa mbili zinazoizuia isitoke, halafu unaongeza madafu mawili juu yake.

Hili linanichosha, na silisemi kwako peke yako. Watu walisikia zamani kwamba dawa ya maji inamaliza potasiamu, kula ndizi. Ni kweli kwa Lasix na haidroklorothiazaidi. Wakaibeba kauli hiyo mpaka kwenye kila kidonge kinachokojoza, na ninawapokea wakiwa na potasiamu ya 6.8, ilhali ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Moyo unaweza kusimama kabla mtu hajahisi chochote. Kule Ontario, Kanada, baada ya utafiti wa mwaka 1999 ulioipandisha chati spironolaktoni kwa wagonjwa wa moyo, wazee waliokuwa wakitumia dawa za kundi la enalapril walizidi kulazwa kwa potasiamu nyingi: kutoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11 mwaka 2001. Na hao walikuwa na madaktari na maabara, hawakuwa na kopo la unga la jirani.

Nije kwa wauza unga (huu wa kwenye kopo, si ule mwingine). Kukojoa sana si kusafishwa. Mwenye kisukari kilichomshinda hukojoa usiku kucha, na sijasikia mtu akimsifu kwamba figo zake zinang'aa. Ukimuuliza muuzaji kuna potasiamu kiasi gani kwenye kijiko kimoja, atakujibu kwamba ni vitu vya asili. Dafu nalo ni la asili.

Tena si unga tu. Ile chumvi ya dukani wanayoisifia kwamba haina sodiamu, mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Hata Septrin unayopewa kwa ugonjwa wa njia ya mkojo ina trimethoprimu, inayoziba mlango wa sodiamu huko huko mwisho wa mrija na kuibakiza potasiamu. Anayekuandikia dawa yoyote mwambie kwanza unameza nini.

Vidonge usivikatize mwenyewe. Ukilegea viungo au moyo ukidunda ovyo, usisubiri kesho, nenda usiku huohuo. Beba dawa zako zote na hilo kopo pia, aliye zamu asome kilichoandikwa, kama kuna kilichoandikwa.