Swali la Kiingereza likiwa usemi wa taarifa: makosa yanatokea wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Langoni, Lamu. Binti yangu alipewa sentensi hii aigeuze iwe usemi wa taarifa: Fatma said to me, "Where are you going tomorrow?" Akaandika: Fatma said me that where am I going tomorrow? Kapata sifuri. Amekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Ilitakiwa hivi: Fatma asked me where I was going the next day. Kuondoa alama za kunukuu na kugeuza "you" kuwa "I" amepatia, kwa hiyo sifuri naona ni kali kidogo. Yaliyobaki ni makosa sita.

Tuanze na kitenzi kinachoripoti. "Said" hakifuatwi na mtu moja kwa moja. Ni "said to me" au "told me", na "told" nayo haitaki "to" kabla ya mtu. Hapa Fatma ameuliza, basi kitenzi ni "asked". "That" haina kazi, kwa sababu "where" tayari inaunganisha sehemu mbili za sentensi.

Kosa gumu zaidi ni mpangilio wa maneno, na si ajabu. Kwa Kiswahili twasema "Unakwenda wapi?" kisha "Aliniuliza ninakwenda wapi", wala hakuna neno lililohama. Kiingereza kikiuliza hutanguliza kitenzi kisaidizi: "are you". Swali likisharipotiwa limekuwa taarifa, hivyo mtenda hurudi mbele: "I was". Alama ya kuuliza nayo huondoka. "Do", "does" na "did" zilizoletwa kwa ajili ya kuuliza tu hufutwa, na wakati huhamia kwenye kitenzi kikuu: "Where do you live?" huwa She asked me where I lived. Swali la ndiyo au la hupewa "if" au "whether": "Has the boat left for Mokowe?" huwa He asked if the boat had left for Mokowe.

Sasa "am" kuwa "was". Kwa mdomo husema "Fatma alisema anakwenda Shela" na hakuna anayeshangaa. Kiingereza, kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopita, huvuta kitenzi cha ndani hatua moja nyuma: "go" huwa "went", "has gone" na "went" zote huwa "had gone", "can" huwa "could", "must" mara nyingi huwa "had to". "Will" huwa "would", kama vile darasani "nitakuja" inavyogeuka "alisema kuwa angekuja". Hiyo binti yako anaijua tayari. "Would", "could", "should" na "might" ziacheni zilivyo. Kitenzi kikiwa "says", msiguse wakati. Jambo la kweli daima laweza kubaki: He said that Lamu is an island. Hata "was" hapo si kosa.

Maneno ya wakati na mahali ni ya kukariri tu: "tomorrow" huwa "the next day", "yesterday" huwa "the day before", "today" huwa "that day", "ago" huwa "before", "here" huwa "there".

Amri hutumia "told" na "to". Ikiwa ya kukataza, "not" hutangulia "to": "Don't touch the sail" huwa The captain told us not to touch the sail. Wengi huandika "told us to don't touch", na hiyo haipo katika Kiingereza.

Viwakilishi havina orodha ya kukariri. Ajiulize kila mara nani anamwambia nani: "I" ni msemaji, "you" ni msikilizaji. Ali akimwambia Omar, "You have lost my net", ukiandika Ali told Omar that he had lost his net, msomaji hajui wavu ni wa nani. Hapo arudie jina: Ali told Omar that he, Omar, had lost Ali's net. Sentensi haipendezi, lakini inaeleweka.