Ngazi tatu mlangoni mwa makumbusho yetu

SWALI: Shikamoo fundi. Ukoo wetu hapa Marangu umegeuza nyumba ya babu kuwa makumbusho madogo: vibuyu vya pombe ya mbege, mikuki, zana za kahawa. Mlangoni kuna ngazi tatu, kila moja sentimita 17. Tulichomelea rampu ya chuma ya mita mbili, lakini wageni wenye viti mwendo hawapandi mpaka wasukumwe na watu wawili. Kutoka mlangoni hadi getini ni mita nne tu. Tufanyeje? Na wasioona je?

JIBU: Marahaba. Ngazi tatu za sentimita 17 ni kimo cha 51. Ukikipandisha kwa mita mbili, kila mita inapanda zaidi ya robo mita. Huo ni mlima, na chuma kikilowa umande wa asubuhi hata mwenye miguu mizima anateleza.

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: sentimita moja ya kimo, sentimita 12 za urefu. Kwenu ni mita 6 na sentimita 12. Najua uwanja ni mita nne, lakini urefu wa rampu unaamuliwa na kimo. Ikunjeni. Hapo mlangoni wekeni kibaraza tambarare cha mita 1.5 kwa 1.5, mgeni asirudi kinyumenyume wakati anafungua mlango. Shukeni sambamba na ukuta mita 3.06, wekeni tambarare nyingine ya kugeuzia, kisha rudini mita 3.06. Upana uwe angalau mita moja, vishikio pande zote mbili kwenye kimo cha sentimita 90, na ukingo mdogo pembeni gurudumu lisichomoke.

Fundi wenu asikadirie kwa macho. Achukue pima maji ya sentimita 120 na kipande cha mbao cha sentimita 10 kamili. Mbao ikae chini ya ncha ya pima maji ya upande wa bondeni. Kiputo cha pima maji kikitulia katikati, mteremko ni sawa: 10 kwa 120 ndiyo 1 kwa 12. Apime kabla zege halijakauka, kisha alichore kwa ufagio mgumu, mistari ikikata njia. Terazo, ile sakafu ya kung'arishwa, msiiguse. Niliwahi kuiweka Arusha mjini, nikasifiwa kwa mng'ao wake, masika ya kwanza nikaitwa kuibomoa.

Kizingiti nacho mkisawazishe. Mtu akwee mita sita halafu akwamishwe na mbao ya sentimita nne? Mlango ukifunguka uache sentimita 85 wazi.

Kwa wasioona, maandishi ya nukta nundu, yale ya kusomwa kwa vidole, ni mazuri, ila wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani hawayasomi. Ningeanza na meza ya kugusa: kata ya mbege, shoka, punje za kahawa mbichi na zilizokaangwa, na mtu wa kuzieleza. Chagueni vitu ambavyo vikichakaa vina mbadala. Mkuki wa babu ubaki kabatini. Chini ya meza acheni wazi sentimita 70, magoti ya mwenye kiti mwendo yaingie.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawahusu pia, kwa kuwa mnapokea umma.

Lile bati la chuma la rampu yenu ya sasa msiliuze. Kama kuna mtaro getini lifunikeni hapo, usawa na ardhi, baada ya kulipiga mistari ya kuchomelea juu lisiteleze.